Nchi ya Joto Haitunzi Joto la Tangi

Samaki wa mapambo hana joto la mwili lililo lake. Damu yake, ini, misuli na matumbo huwa na joto lile lile la maji yanayomzunguka, na maji yakipoa au yakipata moto, kazi zote za mwili wake hupungua au hukimbia pamoja nayo. Kwa kadirio linalotumika sana katika elimu ya viumbe, maji yakipanda kwa digrii 10 za Selsiasi, mwendo wa kupumua, wa kusaga chakula na wa kutoa taka huongezeka karibu mara mbili. Samaki wa ziwani akiona maji ya juu yamemchosha hushuka chini au huogelea hadi kwenye kivuli. Aliyewekwa sebuleni ndani ya vioo vinne hana pa kuhamia. Joto lolote litakaloyapata maji hayo litampata na yeye, hadi ndani ya moyo.

Hata hivyo, katika miji ya Afrika Mashariki umeenea msimamo kwamba jambo hili haliwahusu wafugaji wa huku. Hoja yake ni fupi: samaki wa mapambo ni wa nchi za joto, nchi hizi ni za joto, basi kipimajoto na hita ni vifaa vya watu wenye theluji. Muuzaji huisema dukani, mnunuzi huibeba hadi nyumbani pamoja na mfuko wa plastiki wenye samaki, na samaki akifa baada ya wiki chache lawama huangukia chakula, klorini ya maji ya bomba au udhaifu wa samaki mwenyewe. Msimamo huu ni wa makosa tangu mwanzo hadi mwisho. Nusu ya kwanza ya hoja si kweli kwa samaki wote, nusu ya pili si kweli kwa miji yote, na hata pale zote mbili zinapokuwa kweli, hitimisho halifuati.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuchanganya joto la nchi na utulivu wa joto la maji. Ziwa Tanganyika linatosha kuonyesha tofauti hiyo. Ziwa hilo, linalogawanywa na Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha karibu mita 1,470, na kwa kina ni la pili duniani baada ya Baikal. Humo mna aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii moja na sato na perege, nyingi zikiwa hazipatikani mahali pengine popote, na wafugaji wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakinunua samaki hao kutoka Kigoma na Bujumbura kwa miongo mingi. Maji ya juu ya ziwa huwa kati ya digrii 24 na 29 hivi. Lakini safari ya kutoka kiwango kimoja hadi kingine huchukua miezi: pepo za kusi, kati ya Mei na Septemba, husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na ya chini yaliyo baridi zaidi huinuka kwenye ncha ya kusini. Huko kilindini, mamia ya mita chini, joto hubaki juu kidogo ya digrii 23 mwaka mzima. Samaki wa kundi la Tropheus, wanaokwangua mwani kwenye miamba ya ufukweni, huishi maisha yao yote bila kukutana na maji yanayoshuka digrii 6 kati ya alasiri na alfajiri. Katika tangi dogo lililowekwa dirishani jambo hilo linaweza kutokea kila siku.

Ziwa lenyewe halivumilii mabadiliko kirahisi. Mwaka 2003 majarida ya Nature na Science yalichapisha tafiti mbili tofauti zilizoonyesha kwamba kupanda kwa joto la Tanganyika katika karne ya 20, kusikozidi sana digrii moja, kulipunguza kuchanganyika kwa maji ya juu na ya chini, na hivyo kupunguza virutubisho vinavyolisha mwani na, kupitia mwani, samaki. Baharini hali ni hiyo hiyo. Mwaka 1998, maji ya Bahari ya Hindi magharibi yalipozidi joto lake la kawaida la msimu, matumbawe ya pwani ya Kenya na Tanzania yalipauka na mengi yakafa. Matumbawe hayo ni ya nchi za joto kwa kila maana ya neno, na digrii moja au mbili za ziada zilizodumu kwa wiki kadhaa zilitosha kuyaua. Anayefuga samaki wa baharini na matumbawe Dar es Salaam au Muscat na kudai kwamba hali ya hewa itamtunzia tangi hana hata bahari upande wake.

Utulivu wa ziwa hutokana na wingi wa maji, na wingi huo ndio tangi la nyumbani lisilo nao. Maji hupata na kupoteza joto kupitia eneo lake la nje, na chombo kinavyokuwa kidogo ndivyo eneo hilo linavyokuwa kubwa kwa kila lita. Chombo cha mchemraba chenye lita 200 kina upande wa sentimita 58. Chenye lita 5 kina upande wa sentimita 17. Kwa kila lita, kile kidogo kina eneo la nje zaidi ya mara tatu ya kikubwa, na kwa kiasi hicho hicho hupoa na kupata moto haraka zaidi. Ushauri unaotolewa mara kwa mara kwamba anayeanza aanze na bakuli dogo la kioo kwa kuwa ni rahisi kulitunza ni ushauri mbaya. Bakuli hufuata joto la chumba ndani ya saa chache tu, na samaki hulifuata bakuli.

Madai kwamba nchi hizi ni za joto nayo husahau miinuko. Nairobi iko karibu na mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Julai, mawingu yanapofunika mji kwa wiki nzima, usiku hushuka hadi digrii 11 au 12 huku mchana ukifika 21 au 22. Nyumba hazina vipasha joto. Maji ya tangi lisilo na hita hufuata wastani wa chumba, na likiwa wazi juu hukaa chini ya wastani huo, maana maji yanayogeuka mvuke huondoka na joto. Hali ni hiyo Mbeya, Iringa, Njombe na Kabale, na hali iliyo karibu nayo hupatikana Arusha, Kigali na Goma. Samaki wa Amazoni au wa Tanganyika anayeamka katika maji ya digrii 17 hafi siku hiyo, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Hula kidogo, chakula hukaa tumboni bila kusagwa, kinga ya mwili hulegea, naye hukunja mapezi na kutulia chini. Bakteria wa kwenye chujio, wanaogeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitrati, nao hufanya kazi polepole zaidi, hivyo chakula kilichobaki huoza katika maji ambayo uwezo wake wa kujisafisha umepungua. Kisha hutokea ugonjwa wa madoa meupe, unaoletwa na kidudu kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis, ambao mara nyingi huzuka baada ya maji kupoa ghafla. Mfugaji huona madoa na kununua dawa. Baridi ya wiki iliyopita haiulizwi.

Huko milimani kuna jambo jingine ambalo hata wanaotumia hita hulipita. Hewa ya juu ni nyepesi, na maji ya Nairobi hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji ya Mombasa yenye joto lile lile. Usawa wa pwani, maji baridi yasiyo na chumvi yakiwa na digrii 20 hushika takriban miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita. Yakiwa na digrii 25, miligramu 8.3, yakiwa na digrii 30, miligramu 7.6. Nairobi, maji ya digrii 20 hushika kiasi kinacholingana na cha maji ya digrii 31 au 32 ya pwani. Kwa hiyo anayepasha maji huko anapaswa pia kuyasukasuka kwa pampu ya hewa, na hana sababu ya kufika digrii 28 kwa samaki wanaoridhika na 24 au 25.

Pwani tatizo hugeuka, na hapa ndipo msimamo unaopingwa una nguvu zaidi ya kushawishi na madhara makubwa zaidi. Dar es Salaam, Februari na Machi, joto la mchana hufika digrii 32 au 33 na usiku haupoi kiasi cha kutosha. Tangi lenye kifuniko, taa na pampu ndani yake huongezewa joto na vifaa hivyo, likapita hata joto la chumba. Maji yakiwa na digrii 32, samaki huhitaji oksijeni nyingi zaidi kwa kuwa mwili wake unakimbia, na maji yana kidogo zaidi ya kumpa. Mahitaji hupanda huku akiba ikishuka, na pengo hilo huonekana alfajiri, baada ya mimea na samaki kupumua usiku kucha bila mwanga. Samaki wanaohema juu ya maji saa kumi na moja asubuhi wanakosa hewa. Wenye nyumba wengi hudhani wana njaa, wakawatupia chakula, na hivyo kuongeza kuoza kunakokula oksijeni iliyobaki.

Amonia huzidisha uharibifu. Katika maji, amonia huwa ya namna mbili: moja isiyodhuru sana na nyingine yenye sumu kali inayopenya matamvua. Mgawanyo wake hutegemea pH na joto. Kwa pH 8, sehemu yenye sumu ni karibu asilimia 3.8 katika digrii 20, asilimia 5.4 katika digrii 25, na asilimia 7.5 katika digrii 30. Katika maji ya pH 9, ambayo wafugaji wa samaki wa Tanganyika huyakusudia, ni zaidi ya theluthi moja katika digrii 25 na karibu nusu katika digrii 30. Taka ile ile, kutoka kwa samaki wale wale, huwa sumu zaidi bila mtu kuongeza chochote ndani ya tangi.

Watetezi wa msimamo huo wana ushahidi wao, nao unastahili kupimwa kwa haki. Wa kwanza ni samaki wa Ziwa Magadi, Alcolapia grahami, anayeishi kwenye chemchemi ambazo maji yake huzidi digrii 40. Wa pili ni Nothobranchius guentheri wa Unguja, anayeishi katika vidimbwi vya mvua vinavyopata moto mchana na kupoa usiku. Ni kweli wapo, nao ni wa ajabu. Lakini samaki wa Magadi hutoa taka yake kwa njia ya urea badala ya amonia, jambo ambalo karibu samaki wengine wote wa mapambo hawaliwezi, na wa Unguja huishi chini ya mwaka mmoja: huanguliwa mvua zinaponyesha, hukomaa kwa wiki chache, hutaga mayai matopeni, na hufa kidimbwi kikikauka. Kuwatumia viumbe hawa kama kipimo cha uvumilivu wa tetra au wa Tropheus ni kusahau kwamba kila mmoja aliumbika kwa maji yake. Ushahidi wa tatu, gapi aliyeishi miaka miwili ndani ya ndoo uani, unathibitisha kwamba gapi ni mgumu. Hauthibitishi kitu kingine.

Tena si kila samaki wa dukani ni wa nchi za joto. Samaki wa dhahabu, ambaye kwa wengi ndiye wa kwanza kununuliwa, alifugwa China tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita kutokana na samaki wa maji ya baridi. Hustawi kwenye digrii 18 hadi 23. Julai ya Nairobi haimsumbui. Machi ya Tanga humsumbua sana. Diskasi wa Amazoni, kinyume chake, huhitaji digrii 28 hadi 30. Duka linalowaweka wawili hawa katika maji mamoja na kumwambia mteja kwamba joto si tatizo limemdhulumu mteja na limewadhulumu samaki wote wawili.

Kutokana na haya, kazi ya kwanza ni kupima, na kupima mara moja hakutoshi. Kipimajoto cha kioo au cha betri ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa katika ufugaji huu, lakini usomaji wa saa nne asubuhi hausemi kilichotokea alfajiri. Usomaji wa maana ni wa jua linapochomoza na wa alasiri, kwa siku kadhaa mfululizo, katika msimu wa baridi na tena katika msimu wa joto. Tofauti ya digrii 1 au 2 kati ya mchana na usiku si ya kuogopwa, na wanaohangaika kuifuta kabisa wanapoteza nguvu. Ikifika digrii 4 au 5, tangi linahitaji kusahihishwa kabla ya samaki mwingine kununuliwa.

Kubadilisha maji ndiko chanzo cha mishtuko mingi ya joto, na hakutajwi kamwe na wale wanaosema nchi itajitunzia tangi. Nyumba nyingi hupata maji kutoka kwenye tangi jeusi la plastiki lililo juu ya paa. Saa nane mchana maji hayo yanaweza kuwa ya moto kiasi cha kuogea. Alfajiri huko milimani huwa baridi ya kutia ganzi vidole. Lita 30 za digrii 16 zikimwagwa katika tangi la lita 100 lililotolewa lita 30, maji ya digrii 25 hushuka hadi 22.3 kwa dakika moja. Lita 30 za digrii 37 hupandisha maji ya digrii 27 hadi 30. Dawa yake ni ndoo kukaa chumba kimoja na tangi tangu jana yake, jambo ambalo pia huipa klorini nafasi ya kutoka, kisha kupimwa kabla ya kumiminwa.

Mahali pa tangi huamua mengi. Dirisha linalopigwa na jua la jioni, ukuta wa jikoni na juu ya jokofu ni mahali pabaya. Pwani, kuondoa kifuniko na kuelekeza feni ndogo juu ya maji huteremsha joto kwa digrii 2 au 3, maana kila lita inayogeuka mvuke huondoka na joto ambalo, kama lote lingetoka kwenye maji, lingepoza lita 100 kwa karibu digrii 6. Wavu mwembamba huwazuia samaki kuruka nje. Feni hufanya kazi kidogo siku za unyevunyevu mwingi, na maji yaliyopungua lazima yafidiwe. Chupa za barafu hutumika vibaya mara nyingi. Kilo moja ya barafu inayoyeyuka hupoza lita 100 kwa karibu digrii 1, hivyo chupa moja ya lita moja yafaa kwa tangi la kiasi hicho, lakini katika tangi la lita 20 chupa hiyo hiyo huteremsha digrii 5 na kuwa hatari kuliko joto lililokusudiwa kuondolewa.

Milimani, hita haiepukiki kwa samaki wa maji ya joto. Hesabu yake ni rahisi: wati 100 huhitaji kama dakika 70 kupandisha lita 100 kwa digrii 1, bila kuhesabu joto linalopotea. Wati moja kwa lita ni kipimo kinachofaa kwa chumba kinachoshuka hadi digrii 16. Hita mbili za wati 50 ni bora kuliko moja ya 100, kwa kuwa swichi ya ndani hunata baada ya miaka, na hita iliyonata ikiwa imewaka huchemsha samaki. Iliyo ndogo haina nguvu ya kufanya hivyo, na ikifa, mwenzake huendelea. Hoja ya gharama ya umeme hutolewa kana kwamba imekwisha kupimwa. Hita za jumla ya wati 100 zinazowaka nusu ya muda hutumia uniti 1.2 kwa siku, na povu gumu la sentimita mbili likibandikwa nyuma na pembeni mwa tangi, pamoja na kifuniko, matumizi hayo hupungua waziwazi. Aliyekwisha nunua tangi, taa, chujio na samaki hawezi kuuita huo ubadhirifu.

Umeme ukikatika, sehemu mbili za nchi zinahitaji majibu mawili. Pwani, kinachoua kwanza katika tangi lenye samaki wengi ni kukosa oksijeni, hivyo pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ina thamani kuliko kifaa kingine chochote. Isipokuwepo, kuchota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu kila baada ya muda husaidia. Milimani, blanketi nene lililozungushwa pande zote huchelewesha kupoa kwa saa nyingi, mradi nafasi iachwe juu kwa hewa. Samaki wasilishwe hadi pampu na chujio virudi kufanya kazi. Na umeme ukirudi baada ya usiku mzima, hita isipandishwe juu ya kiwango chake ili kufidia: maji yaliyoshuka polepole hadi digrii 19 yarudi 25 kwa muda wa siku nzima, na chakula kifuate baada ya hapo.